Wifi Anayeonja Mafuta

Usiku ule nilikaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiutazama mlango wa nyuma, nikingoja mtu aje aniambie kama mwanangu yuko hai. Boti ndogo anayoiendesha, ile inayowapeleka mabaharia kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari, ilitoka mchana na giza likaingia haijarudi. Mlinzi wa gati alikuwa amepiga simu kuuliza kama kijana keshafika nyumbani. Mlinzi wa gati akikuuliza wewe, ujue gatini hakuna anayejua kitu.

Sebuleni mume wangu alikuwa anatembea huku na huko na ndala zake, akisema peke yake kwa sauti ya kutaka asikike.

"Kazi ya dada hiyo. Nilisema mimi. Unaokota chuma jalalani, kimelala chini ya maji mpaka kaa wamezalia ndani, halafu unakifunga kwenye boti ya watu. Nilisema, sikusema?"

Dada anayemsema ni dada yake mkubwa, wifi yangu, anayeishi kwenye stoo yetu ya uani, na mimi sikuwa mtu wa kumtetea. Kama kuna mtu aliyemchoka yule mwanamke kwa harufu yake, kucha zake na mabeseni yake, ni mimi.

Mtaa mzima unamwita Grisi. Hata watoto wadogo wanamwamkia hivyo, "Shikamoo Grisi," na yeye anaitikia marahaba kama kawaida. Ni mfupi, mnene wa mabega, anafunga kanga juu ya suruali ya kazi, na hiyo kanga ilikuwa na maua zamani. Siku hizi ina ramani.

Alianza kazi akiwa binti, kwenye karakana moja ya boti. Hakuchukuliwa kuwa fundi. Alichukuliwa kukaa kwenye kigoda mbele ya beseni la mafuta ya taa na kusugua vyuma ambavyo mafundi wenyewe hawakutaka kuvishika. Kwa kuvisugua kila siku akajua vinavyoingiliana, na kwa kuwa mafundi wale walikuwa wavivu, kidogo kidogo wakaanza kumwachia avifunge mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemzuia.

Aliolewa, akaachwa. Mumewe aliwaambia wazee wa pande zote mbili, bila haya, kwamba kulala na mke wake ni sawa na kulala ndani ya boti. Wifi alipoulizwa kama ana la kusema, akasema, "Boti angalau ingemfikisha mahali." Wazee wakacheka, ndoa ikaisha. Karakana nayo ilipofungwa, akaja kwetu na mabeseni yake. Mume wangu angemkataliaje dada aliyembeba mgongoni? Akapewa stoo. Mimi nikapoteza ua.

Kazi yake ni moja tu: usukani wa mafuta, ule wa boti ndogo. Nahodha akizungusha usukani kule mbele, pampu inasukuma mafuta kupitia mipira miwili hadi nyuma, na mafuta yale yanasukuma silinda inayogeuza injini. Mitambo hiyo ikiwa mipya haishikiki bei, kwa hiyo wenye boti wanamletea iliyotumika, iliyozama, iliyotupwa, na yeye anaifufua.

Natamani ningesema ni kazi nzuri kuitazama. Ni uchafu mtupu. Anapofungua pampu iliyolala majini, kinachotoka siyo mafuta. Ni kitu cheupe, kizito, kama maziwa yaliyoganda na kuoza, kina nyuzinyuzi na mchanga, na harufu yake ni ya yai viza lililofichwa kwenye soksi. Mara moja alitoka kaa, mkavu, amekunja miguu. Wifi alimweka juu ya ukuta ili akauke zaidi, sijui kwa ajili ya nini. Alikaa pale mpaka nilipomsukuma na fagio.

Halafu anaanza kusugua. Anatumia miswaki. Ameikusanya mtaa mzima, miswaki iliyotumika kwenye midomo ya watu, imejaa kopo zima, na anapita nyumba kwa nyumba kuiomba kama mtu anayeomba moto. Vile vyuma vidogovidogo anavipanga juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio vilivyotoka, na ole wako upite na upepo wa gauni. Siku moja nilikuta anachemsha vitu kwenye sufuria yangu ya uji. Yangu. Vilikuwa vinaelea, vyeusi, kama mende.

"Wifi, hiyo nini?"

"Vifuniko vya pampu. Nimeosha kwanza."

"Umeosha kwanza."

"Na sabuni."

Ile sufuria sikuitaka tena. Nilimpa, na nikamwambia tangu siku hiyo asivuke kizingiti cha jikoni kwangu na mkono ulioshika kazi. Hakununa kwa hilo. Alisema, "Sawa wifi," na kweli hakuvuka. Chakula chake nilikuwa nampelekea mlangoni pa stoo, naweka kwenye kigoda, nageuka kabla hajaanza kula na zile kucha.

Kucha, hasa ya kidole gumba cha kulia. Ameiacha ikakua ndefu, nyeusi, ngumu kama ya mnyama. Hiyo ndiyo anayoipitisha polepole juu ya mkono wa silinda, ule mti wa chuma unaotoka na kuingia, kutafuta mkwaruzo ambao jicho halioni. Ukucha ukikwama, hata kidogo, chuma kile kinarudi kusuguliwa, maana mkwaruzo unakata sili, na sili ikikatwa mafuta yanavuja. Sili ni yale mapete ya mpira yanayozuia mafuta yasitoroke. Kwa wifi yangu hakuna kitu kitakatifu kuliko sili. Anaziweka kwenye mfuko safi, anazipaka mafuta kwa ncha ya kidole, anazifunika na kitambaa. Mtoto mchanga hakupata huduma ile nyumbani kwangu.

Lakini kubwa kuliko yote, lililonifanya nikatapike kweli siku ya kwanza nilipoliona, ni kwamba anaonja. Akishamaliza kufunga na kutia mafuta mapya, anauzungusha usukani, anautoa hewa mpaka mapovu yaishe, anauacha usiku kucha, halafu asubuhi anachukua tone kwenye kidole na kulitia ulimini. Anafumba macho. Anatema pembeni.

"Unatafuta nini humo, wifi?"

"Chumvi. Kama kuna maji ya bahari yamebaki mahali, ulimi unayajua kabla ya jicho."

"Na kama hakuna?"

"Basi ni mafuta tu. Hayana ladha mbaya ukiyazoea."

Nilikimbilia chooni.

Mume wangu ni kinyume chake. Yeye ni fundi wa magari, na watu wa gereji wanamwita Daktari, kwa sababu anafanya kazi na glovu. Anazo boksi zima. Anarudi nyumbani ananukia sabuni ya kipande, kucha nyeupe, shati halina hata alama, na mimi kwa miaka nilikuwa nikijisifu kwa majirani kwamba nimeolewa na fundi usiyeweza kumjua kwa mikono. Nilikuwa nawaona wale ndugu wawili wamekaa uani jioni, huyu anang'aa na yule anatiririka mafuta, nawaza jinsi tumbo moja linavyoweza kukosea.

Sasa ile boti. Mwenye Boti, tajiri anayemwajiri mwanangu, ni mtu wa haraka na simu mbili. Usukani wake wa zamani ulikufa, akanunua mwingine kutoka kwenye boti iliyovunjwa, akamletea wifi. Mwanangu alikuwa anapitisha jioni pale stooni akimsaidia shangazi yake kuzungusha wakati wa kutoa hewa, kwa hiyo nilichungulia zaidi ya kawaida. Mimi ni mtu wa kuchungulia, sikatai. Mwenye mtoto anayekula kwa kupita juu ya maji, atalala na macho wazi.

Kazi iliisha vizuri isipokuwa sehemu moja. Ulipofungwa kwenye boti, mkono wa silinda ukawa unatoa jasho. Siyo kuvuja, jasho tu, unyevu wa mafuta unaorudi kila ukipangusa. Wifi akasema sili moja haikai sawasawa, anahitaji nyingine ya kipimo chake, ataitafuta, na mpaka aipate boti isitoke.

"Mpaka lini?" Mwenye Boti akauliza. Walikuwa uani kwetu, na mume wangu amesimama karibu yake amekunja mikono kama mshauri.

"Mpaka niipate."

"Wewe mama, mimi nina meli tatu zinanisubiri. Tone moja la mafuta ndiyo unanifungia biashara?"

"Tone leo."

"Daktari, hebu niambie wewe. Wewe ni fundi. Tone linazuia gari kutembea?"

Mume wangu akacheka kile kicheko chake cha mbele ya matajiri. "Dada yangu anapenda vitu vyake viwe kama vya hospitali," akasema. Na yeye ndiye mwenye glovu. Nilijua kwa muda mrefu kwamba alikuwa anampaka yule tajiri mafuta kwa mgongo wa chupa, maana tajiri ana magari mengi na hakuna hata moja linalotengenezwa kwenye gereji yake.

Jumapili iliyofuata wifi akaondoka alfajiri kwenda kutafuta sili kwa watu wa skrepa, upande wa pili wa mji. Mume wangu naye akatoka, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Alirudi mchana. Wifi alirudi jioni, mikono mitupu, na alipopita gatini akakuta silinda ni kavu. Kavu kabisa.

Hakufurahi. Nakumbuka alivyokaa kwenye kigoda, hakuosha hata miguu.

"Si imepona?" nikamwambia kutoka kizingitini. "Ulitaka ikauke, imekauka."

"Chuma hakiponi chenyewe, wifi. Siyo kidonda." Akakuna shingo na ule ukucha. "Nimepitisha kidole kote. Hakuna hata tone la kuonja."

Alitaka kuifungua upya. Mwenye Boti akakataa, akamwambia hivyo mbele ya watu, kwamba anatafuta kulipwa mara mbili. Boti ikarudi kazini. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kwenda gatini asubuhi yake, akafunga spana ndogo kwa kamba kwenye mguu wa injini, na kumwonyesha mwanangu pini inayounganisha silinda na injini. Mwanangu alinisimulia akicheka. "Shangazi kanifungia spana kama mama anayemfungia mtoto hirizi."

Jambo jingine lililotokea siku zile nililiona dogo. Mlango wangu wa jikoni, huu wa nyuma, nilikuwa nimeupaka rangi ya buluu kwa mkono wangu. Jumatatu asubuhi nikakuta umefura. Rangi ilikuwa imetoka malengelenge, imelegea kama ngozi ya mtu aliyeungua, na nilipogusa ikabaki kwenye kidole. Nilipandwa na hasira. Nilitoka mpaka stooni, sikuhodisha.

"Umenishikia mlango na mafuta yako."

Wifi akaja kuutazama, akasimama nje ya kizingiti kama tulivyokubaliana. Akanyoosha kichwa, akanusa.

"Mafuta yangu hayachubui rangi, wifi. Hayo ni ya breki. Muulize mumeo."

"Mume wangu anavaa glovu."

"Basi muulize glovu," akasema, akarudi kwenye mabeseni yake.

Nilikasirika zaidi. Sikuuliza.

Basi usiku ule wa kungoja, nimekaa juu ya ndoo, sina kingine cha kutazama ila ule mlango. Taa ya jikoni ilikuwa inamulika pembeni na malengelenge yalionekana moja moja. Na ndipo nikaona kitu nilichopaswa kuona tangu mwanzo. Alama ilikuwa juu. Ilikuwa juu ya kichwa changu, juu ya komeo, kiganja kizima na vidole vinne vimetanuka. Ule mlango unakwama chini, na katika nyumba hii kuna mtu mmoja tu anayeufungua kwa kuusukuma kule juu, kwa sababu ni mrefu. Wifi angehitaji kupanda kigoda.

Nikasimama, nikaweka kiganja changu pale. Rangi ikabaki mkononi, laini, inanata, na harufu kali tamutamu ya dukani kwa spea. Jumapili. Gereji haifunguliwi Jumapili.

"Njoo hapa," nikamwita.

Akaja na ndala zake. Shati jeupe, usiku huo, mtoto hajulikani alipo.

"Yule mgonjwa wa Jumapili," nikamwambia, "anaumwa nini?"

"Mgonjwa gani?"

"Uliyekwenda kumwona. Ukarudi na mafuta ya breki mkononi."

Alitazama mlango, akanitazama mimi, akajitia kukohoa. Sisi tumeoana muda mrefu. Ninamjua anavyotafuta uongo, anaanza kwa kupapasa mfuko wa shati kama umo mle.

"Ilikuwa kidogo," akasema.

"Ulitia wapi?"

"Kwenye pampu ya usukani. Kidogo tu, kikombe. Mwenye Boti aliniomba nimsaidie. Yale mafuta yanavimbisha sili, zinajaa, jasho linakata. Hata kwenye magari tunafanya, gari la kuuza. Nilijua dada atapata sili yake, atafungua, atabadilisha, hakuna atakayejua."

"Na zikizidi kuvimba?"

Akazitazama ndala zake.

"Nakuuliza fundi. Zikizidi kuvimba?"

"Zinakamata," akasema polepole. "Usukani unakuwa mzito. Halafu... unaweza kukaza."

"Na wewe umetembea sebuleni tangu jioni ukisema ni kazi ya dada."

"Sasa ungetaka niseme nini, mama watoto? Mwenye Boti akijua kwamba yametoka kwangu, atasema hakuniomba. Nitakuwa nimeharibu kila kitu."

Sijui kama mtu anaweza kuelewa kichefuchefu kilichonishika. Nimesafisha matapishi ya watoto, nimezibua choo kwa mkono, nimemwosha mama yangu alipokuwa hajiwezi. Nimeishi na yale maziwa yaliyooza ya pampu chini ya dirisha langu. Hakuna kilichowahi kunigeuza tumbo kama ile mikono miwili misafi iliyokuwa mbele yangu, kucha nyeupe, inapapasa mfuko wa shati. Nilikuwa nimekula chakula kwa mikono ile. Ilikuwa imenishika.

"Nenda gatini ukawaambie," nikasema. "Wanaotafuta wajue usukani umekaza."

"Usiku huu? Subiri kupambazuke. Pengine ni injini tu."

Akaenda chumbani. Nikasikia kitanda kikilia. Alilala.

Nilimpigia mlinzi wa gati mimi mwenyewe, nikamwambia awaambie wenye kutafuta kwamba usukani wa boti huenda umekaza. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia andika tu. Halafu nikavuka ua.

Wifi alikuwa amejifungia. Jioni alikwenda gatini, Mwenye Boti akamfukuza mbele ya watu wote, akamwita mchawi wa vyuma, na wapo waliocheka. Tangu arudi hakuwa amefungua mlango wala kuwasha taa. Nikagonga. Nikamwita. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao, na ile harufu ya mafuta ya taa ikanijaa puani, na sikugeuza uso.

"Wifi, ni mafuta ya breki. Mdogo wako aliyatia Jumapili, ulipokuwa hupo."

Kisha kigoda kikalia, na sauti yake ikatoka chini, karibu na mlango, kana kwamba alikuwa amekaa palepale muda wote.

"Kwa hiyo sili haikupasuka."

"Sijui."

"Haikupasuka. Imevimba, imekaza." Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu. "Kama imekaza, siyo kwamba boti inazama, wifi. Inazunguka tu. Atazima, atatoa pini, atashika injini kwa mkono. Spana ipo."

"Ataweza?"

"Nimemwonyesha. Ana mikono yangu yule, hana ya baba yake." Kisha akaniambia, "Kalale wifi." Mlango haukufunguka.

Sikulala. Lakini nilirudi kukaa juu ya ndoo nikiwa nimetulia kidogo, kwa sababu alikuwa amenipa kitu cha kushika: pini, spana, kamba. Nilivitaja moja moja mpaka kukapambazuka.

Mwanangu alikuja jua limeshatoka. Nilisikia miguu yake kabla ya kuiona, na niliufungua ule mlango mwenyewe. Midomo imepasuka kwa chumvi, viganja vimetoka malengelenge kama mlango wangu, nguo zimekauka zikawa ngumu. Nilimshika uso, nikamgeuza huku na huku kama ninayenunua.

"Nipo mama. Niache nikae."

Nikampa chai, akanisimulia akiwa anapuliza. Alikuwa ameshawashusha mabaharia, anarudi peke yake, usukani ukaanza kuwa mzito, kisha ukakaza upande mmoja na boti ikawa inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Simu ilikuwa imeingia maji. Akazima, akainama nyuma kwa ile spana, mawimbi yanampiga mgongoni, akatoa pini. Halafu akaiwasha injini tena, akaikumbatia na kuigeuza kwa mwili, polepole, mpaka alipokuta boya. Akajifunga pale mpaka alfajiri, boti ya kutafuta ikamkuta anasinzia amekumbatia injini.

"Kama mke," akasema, akajaribu kucheka, mdomo ukamuuma.

"Na silinda?"

"Nimeifungua nimekuja nayo. Nimeiweka mlangoni kwa shangazi. Nimegonga, hafungui. Mwenye Boti kasema gatini kila mtu asikie, Grisi hatagusa boti tena mji huu. Mama, sijui alikosea wapi. Nilikuwepo, sikuona akikosea."

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Mume wangu akatoka, ameshaoga, shati jingine jeupe. Alimkumbatia mtoto, na machozi yalimtoka, siwezi kusema hayakumtoka. Akamshika mabega. Kisha akatikisa kichwa, akasema yale yale, mbele ya mtoto aliyenusurika kufa.

"Nilimwambia dada. Vyuma vya jalalani hivi..."

"Mwambie mwanao," nikasema.

"Nimwambie nini?"

Mwanangu alikuwa anatutazama, kikombe kimesimama hewani.

"Mwambie, au nitamwambia mimi, na ukisikia ninavyomwambia hutapenda."

Akapapasa mfuko wa shati. Nikaenda nikaufungua mlango wa nyuma, nikausukuma palepale juu, kwenye alama yake, mpaka rangi ikaniganda kiganjani.

"Pita. Mlango wa dada yako ni ule. Ukishamwambia yeye, mtakwenda wote wawili kwa Mwenye Boti, na utasema kwa mdomo wako, asikie, na wale waliocheka jana wasikie. Ukimaliza, hapa utakuta chakula."

"Mama watoto, watu wanapita."

"Wapite."

Akatoka. Nikafunga nyuma yake, nikasukuma komeo.

"Baba alifanya nini?" mwanangu akauliza. Nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi, nimempa mgongo, naangalia nje kwa dirisha la kando ya mlango. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya stoo, silinda iko miguuni pake imefungwa kwenye shati la mwanangu. Aligonga kwa kifundo cha kidole kimoja, kama anayeogopa kuchafuka. Akagonga tena. Akasema jambo kwa sauti ndogo, amesogeza uso kwenye mbao. Alisema kwa muda. Niliona shingo yake ikishuka.

Mlango wa stoo ukafunguka.

Wifi hakumtazama. Alichuchumaa, akalifungua lile shati, akavuta mkono wa silinda na haukutoka. Akauegemea kwa uzito wake wote mpaka ukatoka, na ile sili ikaja nao, imefura, inang'aa, imekuwa kama kope la mtu aliyeumwa na nyuki. Akaitazama vile ninavyowatazama watoto wagonjwa. Kisha akatia kidole kwenye yale mafuta, akakiweka ulimini. Akafumba macho. Akatema pembeni, karibu kabisa na viatu vya mume wangu vilivyopigwa rangi.

Akatia kidole mara ya pili, chenye ule ukucha, kikiwa kinachuruzika. Akasimama, akakinyoosha juu, mbele ya mdomo wa mdogo wake.

"Onja," akasema.

Mume wangu akageuka kuutazama mlango wangu.

"Mama," mwanangu akasema taratibu, "mfungulie."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, wenye rangi ya buluu. Sikulisogeza. Kule uani mume wangu alingoja kidogo, kisha akainama, maana dada yake ni mfupi, na akafumbua mdomo.